Eridu, Uruk au Ur: ulinganisho kwa anayetaka kuona hekalu la mwanzo la Wasumeri

Msafiri mwenye siku moja au mbili za ziada kusini mwa Iraki, anayetaka kuona mahali ambapo Wasumeri, watu wa kale wa eneo hilo, walianza kujenga mahekalu yao, hutajiwa majina matatu kila anapouliza: Eridu, Uruk na Ur. Yote matatu yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2016, pamoja na maeneo ya majimaji ya Ahwar, na yote yako upande mmoja wa nchi, katika uwanda ulio karibu na miji ya Samawah na Nasiriyah. Kwa sababu ya ujirani huo watu wengi huyahesabu kuwa kitu kimoja, na madereva wa magari ya kukodi huwapeleka wageni Ur, kwa kuwa ndiko karibu na ndiko kwenye ngazi za kupanda. Makala haya yanalinganisha sehemu hizo tatu kwa swali moja tu: ikiwa unalotafuta ni hekalu la mwanzo, wala si jengo lolote kubwa la kale, uende wapi?

Ninaandika nikiwafikiria hasa wasomaji wanaosafiri kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar au Kampala kwenda ziara Najaf na Karbala, na wale wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba ambao Basra kwao si mbali. Hao tayari wamelipia safari ndefu, na kinachowasumbua ni namna ya kuitumia vizuri siku inayobaki.

Umri

Kwa umri peke yake, Eridu haina mpinzani. Kilima chake, ambacho wenyeji hukiita Tell Abu Shahrain, kiko kilomita 20 na kitu kusini-magharibi mwa Ur. Wanaakiolojia Fuad Safar na Seton Lloyd walikichimba kati ya mwaka 1946 na 1949 kwa niaba ya idara ya mambo ya kale ya Iraki. Walianzia kwenye kona ya zigurati, yaani mnara wa hekalu wenye majukwaa yaliyopandana, iliyojengwa na wafalme wa Ur karibu na mwaka 2100 K.K. na miongo iliyofuata, wakashuka tabaka baada ya tabaka, na katika kila hatua wakakuta hekalu lililojengwa juu ya mabaki ya lililotangulia, mpaka walipofika kwenye mchanga safi usio na alama yoyote ya binadamu. Karibu na chini kabisa, katika tabaka walilolipa namba 16, palikuwa na chumba kimoja cha matofali mabichi chenye mita tatu hivi kila upande. Ukuta mmoja ulikuwa na kidaka kipana kilichowekwa kijukwaa ndani yake, na katikati ya sakafu palikuwa na kijukwaa cha pili chenye alama za moto. Chumba hicho kilijengwa zaidi ya miaka 7,000 iliyopita.

Jambo linalonivutia zaidi kuliko udogo wa chumba hicho ni kwamba mpango wake haukusahauliwa. Mahekalu yaliyofuata yalikua, yakapata vyumba vya pembeni na ukumbi mrefu wa kati, yakainuliwa juu ya jukwaa, lakini meza ya sadaka na kidaka cha mwisho wa ukumbi viliendelea kuwepo. Katika hekalu la tabaka la 6, lililojengwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye, wachimbaji walikuta majivu yaliyochanganyika na mifupa mingi ya samaki. Wasumeri wa nyakati za maandishi walimwabudu Enki katika mji huo, bwana wa maji matamu ya chini ya ardhi, na mifupa ile inaonyesha kwamba sadaka za kutoka majini zilitolewa mahali hapo kabla mtu yeyote hajaandika jina la mungu huyo. Orodha ya wafalme ya Wasumeri nayo inasema kwamba ufalme uliposhuka kutoka mbinguni ulikuwa kwanza Eridu, na ni nadra kwa masimulizi ya kale kukubaliana hivyo na kile ambacho koleo limekikuta.

Uruk, ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wataikumbuka kwa jina la Ereku katika Mwanzo 10:10, na ambayo Waarabu huiita Warka, inafuata kwa umri. Watu waliishi hapo kuanzia milenia ya tano K.K., lakini mahekalu yanayoufanya mji huo kuwa wa pekee ni ya kati ya mwaka 3500 na 3100 K.K. hivi. Palikuwa na maeneo mawili matakatifu: Eanna, lililokuwa la mungu wa kike Inanna, na jingine la magharibi ambalo wataalamu wamezoea kulihusisha na Anu, mungu wa mbingu. Katika hilo la pili lilisimama Hekalu Jeupe, jengo la mita 17.5 kwa 22.3 juu ya jukwaa lenye kimo cha mita 12 hadi 13, lililopakwa jasi nyeupe ili lionekane kutoka mbali katika uwanda usio na mwinuko mwingine. Wataalamu wamekadiria kwamba kuta za nje za mwisho za jukwaa hilo pekee zingehitaji wafanyakazi 1,500 kwa muda wa miaka mitano hivi, kila mmoja akifanya kazi saa kumi kwa siku.

Ur sasa. Zigurati inayoonekana katika kila picha ilianzishwa na mfalme Ur-Nammu karibu na mwaka 2100 K.K. na kukamilishwa na mwanawe Shulgi, kwa heshima ya Nanna, mungu wa mwezi. Ni kazi ya Wasumeri bila shaka yoyote, lakini ni kazi ya Wasumeri wa mwisho, watu waliokuwa na makarani, mashairi na sheria zilizoandikwa. Kati ya Hekalu Jeupe la Uruk na zigurati hiyo ipo miaka elfu moja na zaidi, na kati yake na chumba cha Eridu ipo takriban miaka elfu tatu. Anayetafuta mwanzo hataupata juu ya ngazi za Ur, hata kama anayemwongoza atamwambia hivyo kwa nia njema.

Kuna hoja moja zaidi inayohusu neno “Wasumeri” lenyewe, na inafaa izingatiwe na anayetaka kuwa mwangalifu. Mahekalu ya chini ya Eridu ni ya zama ambazo hazikuwa na maandishi, kwa hiyo lugha ya walioyajenga haiwezi kuthibitishwa. Wataalamu wanaowaita Wasumeri wanategemea mwendelezo wa ibada na wa mtindo wa ujenzi. Uruk ndiko yalikotokea maandishi ya mwanzo kabisa ya nchi hiyo, vibao vya udongo takriban 5,000 vya mwisho wa milenia ya nne K.K., vingi vikiwa vimetupwa pamoja na takataka zilizotumiwa kujazia misingi ya Eanna. Vinahesabu shayiri, pombe, kondoo na posho za wafanyakazi, yaani shughuli za kila siku za nyumba kubwa yenye ghala. Kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini hekalu la mwanzo lilikuwa pia ofisi, bohari na mwajiri, Uruk inajibu swali ambalo Eridu haiwezi kulijibu.

Kile ambacho macho yataona

Hapa mpangilio unapinduka. Msomaji aliyezoea magofu ya Gedi au Kilwa Kisiwani, ambako kuta za mawe ya matumbawe zimesimama na milango yake inapitika, ajiandae kwa kitu cha namna nyingine. Wasumeri hawakuwa na mawe ya kutosha. Walijenga kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na tofali la namna hiyo likikosa paa na plasta hurudi kuwa udongo baada ya mvua za majira machache. Chumvi inayopanda na maji ya ardhini hulimomonyoa kutoka chini, na upepo wa jangwani kutoka ubavuni. Kwa hiyo gofu la Kisumeri kwa kawaida ni kilima, na anayelitazama lazima ajifunze kukisoma.

Eridu ndiyo ngumu kuliko zote kusomeka. Shimo la Safar na Lloyd limejaa mchanga, na kati ya mahekalu yote niliyoyataja hakuna hata moja linaloonekana leo. Kilichobaki juu ni gofu la zigurati, mwinuko wa udongo wa rangi ya kahawia ambao mvua imeuchimba mifereji, na kuuzunguka kuna vipande vya matofali ya kuchoma, baadhi yakiwa na mhuri wa mfalme Amar-Sin wa Ur. Anayefika bila kujiandaa ataona kilima katikati ya jangwa na atarudi garini baada ya robo saa. Anayefika akiwa na mchoro wa matabaka mkononi, akijua kona ipi ya zigurati ilifunika mfululizo ule wote, atakuwa amesimama juu ya historia ndefu kabisa ya hekalu moja inayojulikana katika kusini ya Mesopotamia, nchi ya kati ya mito Tigrisi na Frati. Tofauti kati ya wageni hao wawili ni maandalizi tu, nami singependa mtu atumie siku yake pekee kwenda Eridu kisha aone imepotea.

Uruk inatoa zaidi. Jukwaa la Hekalu Jeupe bado limeinuka juu ya uwanda, mteremko wake ukionyesha mistari ya kuta zilizokuwa na mikunjo ya kuingia na kutoka, na juu yake mpango wa hekalu unafuatika: ukumbi wa kati, vyumba pande zote mbili, pembe zikielekezwa kwenye pande kuu nne za dunia. Upande wa Eanna kuna zigurati ya Ur-Nammu, ya baadaye, lakini inafaa kutazamwa kwa karibu sana kwa sababu ya majamvi ya matete yaliyotandazwa kati ya safu za matofali ili kuufunga udongo usipasuke. Msuko wa matete hayo, au chapa yake katika udongo, unaonekana mpaka leo kwa mtu anayeinama. Eneo lenyewe ni kubwa mno. Ukuta wa mji, ambao masimulizi ya Wasumeri na ya Waakadi, majirani zao, humpa mfalme Gilgamesh sifa ya kuujenga, ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita tisa, na sehemu kubwa ya ardhi iliyo ndani yake bado haijachimbwa, ingawa Wajerumani walianza kazi hapo mwaka 1912 chini ya Julius Jordan.

Ardhi ya Uruk pia imejaa vitu vidogo ambavyo mgeni hukanyaga bila kujua. Vile virefu vya udongo, vyenye umbo la koni na ukubwa wa sentimita kumi hivi, vilikuwa mapambo ya kuta za hekalu. Fundi alipaka ukuta plasta nene, na kabla haijakauka akachomeka koni moja moja, ncha ikiingia ndani na kitako cha mviringo kikibaki nje. Vitako hivyo vilikuwa na rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na vikipangwa kwa maelfu vilifanya michoro ya pembetatu na mistari ya kukatana iliyofanana na mkeka uliosukwa. Kazi hiyo ilifunika hata nguzo nene za Eanna, na wakati huohuo iliukinga udongo na mvua. Ukiinua koni moja na kuona kitako kilichofifia rangi, unaelewa mara moja kiasi cha subira kilichowekwa katika ukuta mmoja. Kisha irudishe pale pale ilipokuwa.

Nasisitiza hilo kwa sababu sheria ya Iraki haina mzaha. Mwaka 2022 mgeni mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 jijini Baghdad kwa vigae alivyookota Eridu, na ingawa hukumu hiyo ilifutwa kwenye rufaa, alikuwa amekaa gerezani kwa miezi kadhaa. Usichukue kigae, koni wala kipande cha tofali, hata ukipewa zawadi.

Ur ndiyo inayoeleweka kwa urahisi zaidi. Msingi wa zigurati una takriban mita 62 kwa 43, gamba lake la nje ni la matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa lami asilia, na ngazi tatu kubwa zinakutana mbele ya lango moja. Mgeni ajue hata hivyo kwamba sehemu kubwa ya uso anaoutazama ni ukarabati uliofanywa na serikali ya Iraki katika karne ya 20, na kwamba mfalme Nabonido wa Babeli alikuwa ameshaikarabati mara moja katika karne ya sita K.K. Leonard Woolley, aliyechimba hapo kuanzia mwaka 1922 hadi 1934, alifukua pia makaburi ya kifalme ya milenia ya tatu K.K., na mashimo yake yanaonekana. Wasomaji wengi, Waislamu kwa Wakristo, watataka kufika Ur kwa sababu nyingine kabisa, yaani kumbukumbu ya Nabii Ibrahimu na “Uru wa Wakaldayo” wa kitabu cha Mwanzo. Papa Fransisko alifanya mkutano wa dini mbalimbali hapo Machi 2021. Hiyo ni sababu nzuri ya safari, na haihitaji kuungwa mkono na hoja ya umri wa mahekalu.

Njia, joto na watu

Ur iko mwendo mfupi kutoka Nasiriyah, kilomita 16 hivi, na inatosha kwa asubuhi moja. Uruk iko takriban kilomita 30 mashariki mwa Samawah, na kwa anayetoka Najaf inawezekana kwenda na kurudi kwa siku moja akiondoka alfajiri. Familia ya walinzi imelitunza eneo hilo kwa vizazi kadhaa, na mgeni anayepita kwao kwanza hupata maelekezo bora kuliko ya kitabu chochote. Eridu huunganishwa na Ur kwa siku moja, lakini sehemu ya mwisho ya njia ni ya jangwani, kwa hiyo chukua gari lililoinuka na dereva aliyewahi kufika, na usiende baada ya mvua, maana udongo ule hunasa magurudumu.

Majira yanayofaa ni Novemba hadi Machi. Kuanzia Juni joto hupita nyuzi 45, na katika hizo sehemu tatu hakuna kivuli cha kutegemea. Wanaokwenda kwa ajili ya Arubaini ya Imamu Hussein wakumbuke kwamba katika miaka hii tarehe hiyo inaangukia kiangazi cha Iraki, na kwamba barabara za kutoka Basra, Nasiriyah na Samawah kuelekea Karbala hujaa mamia kwa maelfu ya waendao kwa miguu, hivyo gari linalokwenda upande wa kusini wiki hiyo huenda polepole sana. Kwa ziara ya wakati huo nashauri magofu yaachwe kabisa. Yangoje safari ya majira ya baridi.

Pengine msomaji atauliza kama aende Tell al-Ubaid, kilomita sita hivi kutoka Ur, au Tell Uqair, kusini mwa Baghdad. Al-Ubaid palikuwa na hekalu la Ninhursag lililojengwa na mfalme A'annepada karibu na mwaka 2500 K.K., lakini vitu vyake vingi vya shaba, pamoja na ule ubao mkubwa wa ndege mwenye kichwa cha simba, vimo British Museum, London, na msomaji anayeishi Uingereza atafaidika zaidi kwa kwenda huko. Tell Uqair, iliyochimbwa mwaka 1940 na 1941, ilikuwa na hekalu lenye mpango na ukubwa unaokaribiana sana na ule wa Hekalu Jeupe, likiwa na chui waliochorwa kwa rangi kwenye madhabahu. Ni ushahidi mzuri kwamba mtindo wa Uruk ulienea. Kwa mtalii wa kawaida si mahali pa kupanga safari.

Uchaguzi

Mwenye siku moja tu, na anayetaka kweli hekalu la mwanzo la Wasumeri, aende Uruk. Ndiko peke yake ambako umri, kinachoonekana na maandishi vinakutana mahali pamoja, na ndiko jina la Wasumeri linakostahili kutajwa bila maelezo marefu. Mwenye siku mbili aongeze Ur siku ya pili, kwa mpangilio huo huo wa Uruk kwanza, ili aone jukwaa rahisi la udongo likigeuka kuwa zigurati yenye ngazi za kifalme. Akianza na Ur, Uruk itamwonekea duni. Wazee, watoto na yeyote ambaye miguu yake haimruhusu kutembea saa tatu juani wachague Ur bila kujuta. Eridu ni ya mwalimu wa historia, mwanafunzi wa akiolojia, au mtu aliyekwisha kusoma matokeo ya uchimbaji na anayetaka kusimama mahali penyewe. Huyo nitamshauri aende hata kama ni siku yake moja.

Kabla ya yoyote kati ya hayo, tenga nusu siku kwa Makumbusho ya Iraki jijini Baghdad, yaliyofunguliwa tena kwa umma mwaka 2015 baada ya uporaji wa Aprili 2003. Humo kuna chombo cha alabasta cha Uruk, chenye kimo cha mita moja hivi. Kiliibwa katika uporaji ule na kurudishwa Juni mwaka huohuo kikiwa vipande. Kitazame kuanzia chini kwenda juu: maji, kisha nafaka, kisha kondoo, kisha wanaume walio uchi wakibeba vikapu vilivyojaa, na juu kabisa mwanamke anayepokea mbele ya mafungu mawili ya matete, alama ya Inanna, na nyuma yake hazina ya hekalu iliyojaa vyombo vya namna hiyo hiyo. Watu wale wanaelekea Eanna, na ukishawaona utajua ukumbi uliobomoka wa Uruk ulikuwa na kazi gani. Anayeingia Iraki kwa ndege ya Basra na asiyefika Baghdad atafute walau picha zake kamili na azibebe kwenye simu, kwa kuwa mtandao hauaminiki katika uwanda wa Warka.